Uzi kwenye Kifuniko cha Tangi

Marehemu, ambaye gati zima lilimwita Nahodha Macho Manne na nyumbani aliitwa Baba tu, alizaliwa Jumanne tarehe 4 Machi 1952, katika nyumba ya tatu kutoka kiwanda cha barafu. Alikuwa mtoto wa kwanza wa baba seremala wa boti na mama mshonaji. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu hakulia alipozaliwa. Alifumbua macho, akamtazama mkunga, akamtazama mama, akamrudia mkunga, kama mtu anayetaka kujua kwanza ni nani aliyemleta hapa na kwa nia gani. Ndipo akalia. Miaka sita baadaye, tarehe 21 Septemba 1958, alizaliwa mdogo wake wa kiume. Kaka mtu alipoonyeshwa kitoto, aliuliza, "Huyu atakaa mpaka lini?"

Alikaa. Mama yao alipofariki mwaka 1971, kaka ndiye aliyempikia mdogo wake, akamfulia sare, akatia saini kwenye ripoti zake za shule. Wasifu huu hauwezi kumtaja mmoja bila mwingine, ingawa wao wenyewe waliweza kwa miaka kumi na minane.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya soko la samaki kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, kisha chuo cha ufundi, alikopata cheti cha injini za boti mwaka 1970. Akiwa darasa la nne alipotelewa na penseli ya rangi nyekundu. Haikuonekana tena, na yeye hakusahau. Tangu siku hiyo alifunga uzi mweusi wa kushonea kwenye mkoba wake kila alipotoka darasani. Uzi ulizungushwa mara tatu, kisha fundo likaingizwa ndani ya fundo. Anayeufungua bila kufundishwa hawezi kuurudisha ulivyokuwa. Baada ya mapumziko aliinama, akautazama uzi, akawatazama wenzake mmoja mmoja. Fundo hilo alimfundisha mtu mmoja tu duniani, naye ni mdogo wake.

Kazi ya bahari aliianza kwa kuosha boti za watalii wa kuvua kwa mchezo. Mwaka 1974 alipata leseni ya unahodha, na tarehe 2 Mei 1988 yeye na mdogo wake walinunua boti yao wenyewe, ile ya kijani iliyofungwa mwisho wa gati kwa sababu kaka hakutaka jirani wa pande mbili. Wateja walitoka mbali kuja kuvua sulisuli, samaki mwenye pua ndefu na pezi kama tanga, ambaye huvuliwa, hupigwa picha, kisha huachiwa aende zake. Boti nyingine zilikokota samaki bandia wa plastiki. Hawa ndugu wawili walivua kwa chambo hai.

Waliovua naye watakumbuka. Kabla jua halijachomoza walikuwa nje ya mkondo, mdogo akiteremsha mshipi wenye ndoano ndogo sita, akipandisha vibua, samaki wadogo wa chambo, wakipapatika kama sarafu kwenye kiganja. Hakuna aliyeruhusiwa kumgusa kibua kwa mkono mkavu, maana mkono mkavu humvua ute wake, na kibua asiye na ute hafiki saa nne. Tangi lilikuwa la duara, kwa kuwa kwenye pembe samaki hujigonga pua. Ndoano ilipita juu kidogo ya pua, kwa wepesi wa sindano ya mshonaji, ili kibua aogelee kana kwamba hakuna lililompata. Mteja wao wa miaka mingi, daktari wa meno, alisema hakuwahi kuona mikono laini kama ya ndugu hawa, na kwamba angewaajiri wote wawili kama wangeacha kumtazama kwa jicho lile.

Maana kaka alimshuku kila mtu. Alishuku darubini za boti nyingine, kwa hiyo alikwenda baharini kwa kukata kona kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Alishuku redio. Siku moja mteja akiwa amening'inia kwenye fimbo ya kuvulia, sulisuli akiruka nyuma ya boti, nahodha mwingine aliita, "Macho Manne, huko vipi?"

"Huku pakavu," akajibu. "Hata mwani hakuna."

"Mbona nasikia mtu anapiga kelele?"

"Ni mteja. Anaumwa tumbo."

Mkewe alikutana naye mwaka 1977, kiwanda cha barafu, alikokuwa mpimaji. Marehemu alinunua barafu, akaenda nayo nyumbani, akaipima, akarudi. Siku ya pili akarudi tena. Siku ya tatu alikuja na mizani yake mwenyewe kwapani. Binti akaweka mikono kiunoni.

"Kaka, barafu inayeyuka njiani. Hilo hujui?"

"Najua. Nataka kujua inayeyuka kiasi gani na inaibwa kiasi gani."

"Basi kaa hapa uitazame inavyoyeyuka, tuone nani ataibiwa."

Alikaa. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Agosti 1979, wakajaliwa binti wawili. Shaka ilikuwa ya pande zote mbili, na mkewe hajawahi kulificha hilo. Mwaka wa tatu wa ndoa aliona mume anaondoka kila siku saa tisa alasiri na kurudi na suruali imelowa mpaka magotini, anatabasamu. Akauliza, akajibiwa, "Kazi." Akajifunga kanga, akamfuata kwa umbali mpaka chumba cha kupanga nyuma ya karakana. Aliposukuma mlango kwa nguvu zake zote alimkuta mumewe na shemeji yake wamechuchumaa kando ya beseni kubwa, wanawalisha vibua kwa vidole.

"Wako wapi?" akauliza.

"Kina nani?" akauliza mume.

"Shemeji," akasema mdogo mtu bila kuinua kichwa, "wanawake wote waliomo humu wana mapezi."

Sasa lazima ielezwe habari ya Jumamosi tarehe 12 Novemba 2005. Wengi waliopo hapa walikuwepo, na waliobaki wamesimuliwa. Ilikuwa siku ya mashindano makubwa, boti ishirini na saba, kombe moja. Marehemu alikuwa amelikosa mara nne, na safari hii hakutaka kubahatisha vibua wa alfajiri. Aliwavua Ijumaa, vibua arobaini na wawili, akawaweka kwenye tangi la boti, pampu ikizungusha maji mpaka asubuhi. Ijumaa hiyohiyo kiungo cha plastiki cha bomba la tangi kilikuwa kimepasuka. Alikitoa, akaweka mahali pake bomba jipya la shaba lenye urefu wa mkono, akaling'arisha kwa kitambaa mpaka akaona uso wake humo. Hakumwambia mtu. Jioni alifunga uzi mweusi kwenye kifuniko cha tangi, mizunguko mitatu, fundo ndani ya fundo. Funguo za boti zilikuwa mbili, yake na ya mdogo wake.

Alfajiri alikuta uzi mzima. Alifungua kifuniko. Vibua wote arobaini na wawili walikuwa wamekufa, midomo wazi, matamvua yamepauka.

Mdogo wake alifika akiwa na chupa ya chai mkononi. Walitazamana juu ya tangi.

"Kaka, uzi umeukuta umekatika?"

"Mzima."

"Basi hakuna aliyefungua."

"Hakuna aliyefungua asiyejua kufunga," marehemu akasema. "Na anayejua kufunga ni wewe."

"Yaani uzi ungekatika ningekuwa mwizi, na haukukatika ndiyo kabisa nimekuwa muuaji? Sasa ulitaka uzi ufanyeje?"

Marehemu aliwasha injini. Walikwenda baharini na chambo kilichokufa, wakarudi mikono mitupu. Jioni, washindi walipoitwa, marehemu alipanda jukwaani bila kuitwa, akachukua kipaza sauti, akasema mbele ya gati zima kwamba mdogo wake amenunuliwa na wapinzani na ametia sumu kwenye tangi. Watu waligeuka kumtazama mdogo mtu. Halafu mtu mmoja akacheka, na kicheko kile kikazaa jina. Tangu jioni hiyo mdogo mtu aliitwa Sumu. Hakuna boti iliyomchukua tena. Nani atampa mtu anayeitwa Sumu alinde chambo? Aliondoka mwezi uliofuata, akaenda mji wa bara, safari ya saa nane kwa basi, akawa fundi wa majokofu. Tangi lilitupwa stoo na bomba lake na kila kitu.

Kwa miaka kumi na minane ndugu hawa hawakusalimiana. Mdogo alituma kadi kila mjukuu alipozaliwa. Marehemu aliiinua kila moja kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama mbele na nyuma. "Anatafuta nini huyu?" alikuwa akisema. Kadi zote zilikutwa kwenye sanduku lake la zana, zimefungwa kwa uzi.

Mwaka 2016 aliacha unahodha na kuanza kuuza chambo hai nyumbani, kwenye tangi la uani. Desemba 2023 aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Alimwomba daktari amsomee majibu mara mbili, kisha akamwomba daktari mwingine amsomee majibu yaleyale, aone kama watatofautiana. Wodini alifunga uzi kwenye droo ya kabati lake. Muuguzi aliukata alipokuwa akifuta vumbi, na kukawa na maneno.

"Mzee, kwani ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Sasa unalinda nini?"

"Silindi kitu. Naangalia watu."

Muuguzi huyo yuko hapa leo, na familia inamshukuru. Baada ya siku ile alikuwa akiufunga uzi ule yeye mwenyewe kila amalizapo kufuta, vibaya, na marehemu alikuwa akiukagua kwa furaha.

Jumanne tarehe 6 Februari 2024 bomba la tangi la uani lilivuja. Marehemu hakuwa na nguvu za kuinama, akaitwa fundi bomba wa mtaani, kijana mwaminifu, aliyetumia kipande cha bomba alichokuwa nacho kwenye mfuko wake. Asubuhi ya Jumatano vibua wote walikuwa wamekufa. Marehemu alimshuku kwanza jirani, kisha paka wa jirani, kisha mkewe, aliyekuwa amelalamikia harufu. Akaomba kiti. Akaketi kando ya tangi, akamchukua kibua mmoja mkononi, akamgeuza kwenye mwanga. Mdomo wazi, matamvua yamepauka. Akalitazama bomba. Lilikuwa la shaba, jipya, linang'aa.

"Nipeni ufunguo wa stoo," akasema.

Tangi la zamani lilitolewa mpaka uani, limejaa buibui. Bomba lilikuwa bado limefungwa pale alipolifunga, lakini halikung'aa tena. Lilikuwa la kijani mwili mzima. Alilipitisha kidole. Mkewe alimwuliza kuna nini, naye akaendelea kulikwangua bomba kwa ukucha mpaka adhuhuri. Ndipo akamweleza: maji ya chumvi huila shaba, na shaba iliyoliwa humwua samaki. Mtu akikaa na samaki kwa muda wa saa mbili hataona kitu. Akiwaacha usiku kucha maji yakizunguka palepale, amewapa sumu kwa mkono wake.

"Kwa hiyo ni wewe," mkewe akasema.

"Ni mimi."

"Mpigie."

Alipiga simu. Binti yake mkubwa alimshikia simu sikioni, ndiyo maana maneno yale yanajulikana. Mdogo mtu alipoisikia sauti aliuliza kwanza, "Nani amekufa?"

"Bado," marehemu akasema.

"Unataka nini, kaka?"

"Uje uone kitu."

"Miaka kumi na minane, halafu nije nione kitu. Kitu gani? Umeniwekea nini huko?"

Alikuja baada ya siku tisa. Hakuingia ndani. Alisimama getini na mkoba wake begani, mvi zimemjaa, akasikiliza maelezo yote ya bomba bila kukunjua uso. Alipomaliza kusikiliza alisema haamini. Alisema kaka yake anaweza kuwa amebuni hadithi hii ili afe na moyo mweupe, na bomba lolote likikaa miaka hiyo linakuwa la kijani. Watu waliokuwepo walishangaa. Marehemu hakushangaa. Kwa mara ya kwanza katika ugonjwa wake walimwona akicheka.

"Sasa umekuwa mimi," akasema.

Mdogo mtu aliagiza mabeseni mawili ya maji ya bahari na vibua wanne kutoka gatini. Aliwashika kwa mikono iliyolowa. Mikono haikuwa imesahau. Wawili huku, wawili kule, kila beseni na kipampu chake cha hewa. Katika beseni moja alitia lile bomba jipya la fundi. Kisha akavuta kiti akaketi upande mmoja, na kaka yake akaketi upande wa pili na blanketi magotini. Ilikuwa saa moja asubuhi. Walikaa mchana kutwa. Hakuna aliyekubali kuingia ndani kula, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akiitazama mikono ya mwenzake. Chakula kilipoletwa walikula hapohapo, jicho moja kwenye sahani, jicho moja kwenye beseni.

"Usiguse maji," mdogo akasema.

"Sijagusa. Nimekohoa."

"Kohoa upande wa huko."

Saa tisa kibua wa kwanza kwenye beseni la shaba alianza kuogelea kwa ubavu. Saa kumi na nusu wote wawili walikuwa juu, midomo wazi. Kwenye beseni la pili wenzao walikuwa wakizunguka, wazima kabisa. Mdogo mtu aliinama kwa muda mrefu juu ya wale waliokufa. Hakuna aliyejua atasema nini, na marehemu, ambaye siku zote alijua watu wanawaza nini hata walipokuwa hawawazi, safari hii alikaa anamtazama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Ulinitangaza kwa kipaza sauti," mdogo mtu akasema hatimaye.

"Nilikutangaza."

"Usiniombe radhi uani, kaka, mbele ya vibua."

"Nitasema gatini. Kwa kipaza sauti kama kile."

"Sauti yenyewe huna."

"Basi nitaandika, na watasoma siku watu wote watakapokuwa wamekusanyika." Akavuta pumzi. "Siku hiyo haiko mbali, na watakuja wote, hata wasionipenda. Hasa hao. Watataka kuhakikisha."

Usiku ule mdogo mtu alilala nyumbani, katika chumba cha mbele, na hakuondoka tena. Tarehe 3 Machi marehemu aliandika karatasi moja kwa mkono wake, akaikunja. Hakuifunga mwenyewe. Alimpa mdogo wake uzi mweusi akamwambia, "Funga." Mdogo akazungusha mara tatu, akaingiza fundo ndani ya fundo. Ikawekwa kwenye sanduku la zana, juu ya zile kadi.

Hali yake ilibadilika mwanzoni mwa Juni. Alifariki Alhamisi tarehe 13 Juni 2024, saa tano asubuhi, nyumbani kwake, mkewe akiwa amemshika mkono wa kulia na mdogo wake wa kushoto. Maneno yake ya mwisho yaliyosikika yalikuwa, "Nani kafungua dirisha?" Alikuwa mdogo wake. Alimwambia hivyo, na marehemu akaitikia kwa kichwa, akaliacha wazi.

Jana jioni familia ilitoa karatasi ile kwenye sanduku. Uzi ulikutwa mzima. Safari hii hakuna aliyeuliza ni nani anayejua kulifunga fundo lile. Uzi ulikuwa mzima kwa sababu hakuna aliyeugusa. Mdogo mtu aliukata mwenyewe kwa mkasi wa marehemu mama yao, na maneno yaliyokutwa ndani yanasomwa hapa kama yalivyoandikwa, kwa kipaza sauti, kama alivyoagiza:

"Manahodha, wateja na majirani. Tarehe 12 Novemba 2005 nilisema mdogo wangu aliwaua vibua wangu. Hakuwaua. Niliwaua mimi kwa bomba la shaba nililolifunga kwa mkono wangu na sikumwambia mtu. Uzi ulinionyesha siku ileile kwamba hana kosa, nikauona, nikaukataa. Jina la Sumu nililianzisha mimi. Atakayelitaja tena kuanzia leo, ananitaja mimi. Boti ya kijani ni yake. Anajua kushika samaki kuliko mimi, na hilo pia sikuwahi kumwambia."

Marehemu ameacha mdogo wake wa kiume, nahodha wa boti ya kijani. Mjane, mpimaji mstaafu wa kiwanda cha barafu. Binti wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, na vibua wawili katika beseni la uani ambao mdogo wake amekataa katakata kuwatia kwenye ndoano.

Apumzike salama, Macho Manne. Yafumbe yote manne. Hakuna aliyegusa kitu.